Binti yangu anataka kuitwa Lindberg

Miaka kumi na sita iliyopita, wiki yangu ya tatu hapa Stockholm, niliitwa kwenye usaili wa kazi karibu na kituo cha treni cha Kristineberg. Wakati huo tulikuwa tunaishi Hässelby gård, karibu na mwisho wa mstari wa kijani. Mume wangu alinielekeza vizuri: panda treni ya kwenda mjini, sikiliza wanavyotangaza, ukisikia jina linaloishia na "berg" jiandae kushuka.

Maskini, hakujua alichokifanya. Kwenye mstari ule kuna Blackeberg, kisha kuna Abrahamsberg, ndipo ije Kristineberg. Ya kwanza niliiacha ikapita kwa sababu mlango ulifungwa kabla sijaamua. Ya pili nilishuka kwa ujasiri mkubwa. Nikatembea kwenye theluji na karatasi yangu mkononi, nikitafuta mtaa ambao haukuwepo, mpaka mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akaniambia, dada, hapa ni Abrahamsberg, bado vituo vitatu. Usaili nilifika nimechelewa na viatu vimelowa. Kazi sikuipata.

Ndugu msomaji, kama unaishi Sweden, Ujerumani, Austria au Uswisi, hadithi hii unayo ya kwako. Majina ya huku mwanzoni yote yanafanana. Södermalm, Norrmalm, Östermalm. Kungsholmen, Skeppsholmen, Långholmen. Ukija kwa watu ndiyo balaa: Lindgren, Lindström, Lindberg, Lindqvist, Lundgren, Lundström, Lundberg, Lundqvist. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba Waswidi walikaa kikao kimoja, wakachukua maneno kumi, wakawa wanagawana mawili mawili.

Nilikuwa nafanya utani, lakini baadaye nikaja kujua kwamba sikuwa mbali sana na ukweli. Na kabla sijajua, kosa langu kuhusu majina haya lilikaribia kumdhuru mtu.

Vidonge vya mwingine

Kazi niliyopata baadaye ni ya kuwahudumia wazee majumbani. Wengi wetu tunaifanya, mnaijua: asubuhi kwa huyu kumsaidia kuoga, mchana kwa yule kumpashia chakula, jioni dawa. Nilikuwa na wazee wawili jengo moja, ghorofa ya pili na ghorofa ya nne. Majina yao nimeyabadilisha, ila yalikuwa yanafanana hivi hivi: chini Bi Lindström, juu Bwana Lindgren.

Dawa za wazee wengi huku huja kutoka duka la dawa zikiwa zimepangwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki vilivyoungana kama utepe, kila kifuko ni dozi ya wakati mmoja. Juu yake wameandika jina, tarehe, saa na namba ya utambulisho ya mgonjwa. Siku hiyo nilichukua tepe mbili, za wazee wote wawili. Nilikuwa na haraka, nikasoma "Lind", nikaona inatosha.

Jioni nikampasulia Bi Lindström kifuko, nikamwekea vidonge kwenye kiganja. Akavitazama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, na macho yake yalikuwa bado makali.

"Mimi sina kidonge cha rangi ya waridi," akasema. Akaniomba kifuko kitupu, akakisoma. "Hizi ni za Lindgren. Yule wa juu, mwenye mbwa."

Nilitetemeka. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba mle ndani mlikuwa na dawa ya kushusha presha, na Bi Lindström presha yake ilikuwa tayari ya chini. Sipendi kufikiria kingetokea nini kama angekuwa mtu wa kumeza tu anachopewa. Niliandika ripoti usiku uleule, nikakubali kosa. Sikufukuzwa kazi, lakini wiki mbili nilizuiwa kugusa dawa, nami niliona ni haki.

Nilipoanza tena, Bi Lindström aliniambia nikae. Huku hakuna shikamoo, na mzee wa miaka tisini unamwita kwa jina lake la kwanza kama mtoto mwenzako. Nilimwita hivyo mdomoni, moyoni nilimwita bibi. Akachukua kalamu na bahasha iliyotumika, akaanza kunifundisha kama nilivyokuwa mtoto wa darasa la pili.

Maneno mawili mawili

Lind ni mti. Unapandwa sana kando ya barabara na kwenye makaburi, mwezi wa Julai unatoa maua yenye harufu tamu na nyuki wanaujaa. Lund ni kijisitu. Berg ni mlima. Ström ni mkondo wa maji. Gren ni tawi, na kvist, ambayo kwenye majina mengi huandikwa qvist kwa mtindo wa zamani, ni kitawi kidogo. Holm ni kisiwa kidogo, dal ni bonde. Basi Lindgren ni tawi la mlind, na Lindström ni mlind na mkondo wa maji. "Sasa sisi hatufanani tena," akasema. "Yeye ni tawi, mimi ni maji."

Akanieleza na asili yake. Zamani Mswidi wa kawaida hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake na la baba yake, kama sisi tu: Anders mwana wa Johan aliitwa Johansson, na mwanawe akaitwa Andersson. Wasichana waliishia na "dotter", yaani binti. Watu wa mjini na waliosoma ndio walioanza kujitungia majina ya miti na milima, karne ya 17 na ya 18. Jeshini nako, kikosi kimoja kingeweza kuwa na akina Anders Andersson watano, hivyo askari walipewa majina mafupi: Sköld, yaani ngao; Svärd, yaani upanga; Rask, yaani mwepesi; Modig, yaani shujaa. Mwaka 1901 ikatoka sheria kwamba kila ukoo uwe na jina la kudumu linalorithiwa. Na mwaka 1947 serikali ikaanza kumpa kila mtu namba ya utambulisho, ile ya tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne mwishoni, ambayo mimi na wewe tukiisahau hata daktari hatumwoni.

Kwa maneno mengine, wenyewe nao walikuwa wanachanganyana. Hili lilinipa faraja kubwa.

Halafu akanigeukia. "Na nyinyi je? Mnakuja hapa wawili, na kwenye ratiba wote mmeandikwa Mwana. Wewe ni nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ni Mwanaisha. Mwenzangu kazini, mtu wa Tanga, ni Mwanahamisi. Kwa ofisi tulikuwa Mwana na Mwana. Mwezi mmoja zamu zangu mbili ziliingia kwenye mshahara wake, na yeye alipigiwa simu kuulizwa kuhusu dirisha ambalo mimi ndiye niliyeliacha wazi. Tulicheka, tukamalizana kwa chai na maandazi nyumbani kwangu, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani. Tulikuwa tunasema, hawa hata hawajali kutusoma mpaka mwisho.

Nami je? Si nilisoma "Lind" nikaona inatosha?

Nikachukua bahasha, nikamwandikia. Mwana, kwetu pwani, ni neno la heshima kwa mwanamke. Aisha ni mke wa Mtume. Hamisi ni Alhamisi. Basi mimi ni Mwana-Aisha, na mwenzangu ni Mwana-Hamisi. Akasoma mara tatu kwa sauti. Tangu siku hiyo, mpaka alipofariki majira ya baridi ya mwaka juzi, hakukosea hata mara moja, na wengine wakikosea aliwasahihisha kwa sauti ya mwalimu.

Lindi na Langenburg

Mimi ni mzaliwa wa Lindi. Unaweza kufikiria mtu wa Lindi kuishi kati ya Malindgren na Malindberg. Siku za mwanzo nikiona bango la duka limeandikwa "Lind" moyo unaruka, nadhani nimeona kwetu. Hakuna uhusiano wowote. Lindi ilikuwa na jina lake kabla Mjerumani hajatia nanga, na mlind haujawahi kuota pale. Kwetu ni minazi na mikorosho, na ng'ambo ya maji ni Kitunda.

Lakini Mjerumani alipofika, alikuja na majina ya mtindo huu huu. Kiswidi na Kijerumani ni ndugu wa karibu, na hapa Stockholm Wajerumani walikaa tangu enzi za kati wakifanya biashara. Mpaka leo ukienda mji wa kale, Gamla stan, utaliona kanisa lao, na Waswidi wanaliita hivyo hivyo, Kanisa la Kijerumani. Neno la Kiswidi la kulipa, betala, na la dirisha, fönster, yalikuja na wafanyabiashara hao. Kwetu walileta mengine. Lushoto waliiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm. "Tal" yao ndiyo "dal" ya huku. Tukuyu ikawa Neu-Langenburg. Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, ikawa Bismarckburg. Kilele cha Kibo wakakiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, na kikabaki hivyo mpaka tulipokibatiza Uhuru mwaka 1961.

Majina hayo yote yameondoka. Muulize mtoto wa Tukuyu leo Langenburg ni nini, atadhani ni timu ya mpira. Tulichobakiza ni vitu tulivyovitaka wenyewe: shule, kutoka Schule yao, na hela, kutoka sarafu yao ya heller waliyoianza mwaka 1904. Hata binti yangu alipoanza darasa la kwanza hapa na kusikia "skola", alisema, "Mama, wameiga shule yetu."

Binti huyo sasa ana miaka kumi na tisa, na ndiye aliyenifanya niandike.

Fomu

Jina letu la ukoo ni la babu wa mume wangu. Lina herufi kumi na moja, linaanza na M, na baada ya M kuna herufi mbili ambazo Mswidi hajui azianzie wapi. Binti yangu amelibeba tangu shule ya chekechea. Walimu wapya wakifika kwenye jina lake wanasita, wanatabasamu, kisha wanasema jina la kwanza tu. Mwaka jana alimaliza shule, akaanza kuomba kazi. Aliomba nyingi. Wenzake aliosoma nao, wenye alama kama zake na wengine chini yake, walipigiwa simu. Yeye simu yake ilikaa kimya.

Jioni moja akatuonyesha kompyuta. Kwa sheria ya majina iliyoanza tarehe 1 Julai 2017, jina lolote la ukoo linalotumiwa na watu wasiopungua 2,000 hapa Sweden mtu yeyote anaweza kuliomba. Unajaza fomu ya mamlaka ya kodi, Skatteverket, ambayo huku ndiyo inayoshughulikia majina. Alikuwa ameshajaza kila kitu, bado kutuma tu. Jina aliloandika ni Lindberg.

Baba yake alisimama, akasema, "Mwacha asili ni mtumwa," akatoka kwenda barazani, yaani kwenye roshani, akakaa na baridi yake.

Mimi nilinyamaza. Binti akaniangalia. "Mama, nimechagua hili kwa ajili yako. Ndani yake mna Lindi."

Niseme nini? Nilitaka kucheka na kulia. Wazazi wenzangu mtanielewa. Tuliwaleta huku, au tuliwazaa huku, ili milango iwe wazi kwao. Leo mtoto anakwambia kwamba ufunguo wa mlango ni kuliacha jina la babu yake. Ukimkataza, wewe ndiye utakayempa kazi? Ukimkubalia, wewe ndiye uliyemfundisha kujificha?

Nikamwomba kitu kimoja tu: asitume fomu mpaka turudi kutoka Berlin. Tulikuwa na safari ya likizo ya majira ya joto.

Mifupa ya kwetu

Kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili ya Berlin kuna mifupa ya dinosaria aliyesimamishwa, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Alichimbwa Tendaguru, mkoa wetu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale, wakiongozwa na wataalamu wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba kwa majembe na waliobeba walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia. Mifupa ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa za kutembea hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Kwa jumla ilizidi tani 200. Kwetu nyumbani ilisimuliwa kwamba babu wa baba yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao.

Tukasimama chini ya yule mnyama, vichwa vimeinuka. Nikawaeleza watoto jinsi wanyama wale walivyopewa majina. Mmoja wao, Dysalotosaurus, alipewa jina la pili la lettowvorbecki, kwa heshima ya Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani aliyepigana kwetu kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnyama wa Lindi, jina la jenerali. Lakini palikuwa na mtu wetu, Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye wataalamu wenyewe walimtegemea. Mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye, dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii.

"Na babu yako?" binti akauliza. "Jina lake lilikuwa nani?"

Sikuweza kumjibu. Kwenye familia tunasema "mzee aliyebeba mifupa". Jina halikufika kwangu. Na hapo, kati ya watalii na watoto wa shule, niliona aibu ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kumhutubia mtoto kuhusu kulinda jina, kumbe kwa upande wangu mnyororo ulikuwa umeshakatika, na Mswidi hakuhusika.

Hakusema kitu. Nami sikuongeza.

Tuliporudi Stockholm zikapita siku kumi. Kisha akaniambia akiwa anaosha vyombo, hajageuka: "Mama, nimefikiria. Wakimwita Lindberg kwenye usaili, halafu nikainuka mimi, watatazama nyuma yangu kumtafuta Lindberg."

Fomu hajaifuta. Iko pale pale kwenye kompyuta, na amesema wazi kwamba ikifika mwakani hali ni ileile ataituma, pengine kwa kuunganisha majina mawili, kwa kuwa sheria hiyo inaruhusu. Nimemwambia ana umri wa kuamua, na siku atakayoituma bado atakula wali wangu mezani pangu. Baba yake bado hajasema hivyo, lakini juzi nilimsikia akimfundisha rafiki Mswidi wa binti yetu kulitamka jina letu, herufi moja baada ya nyingine, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona akiwa na fundi bomba.

Mimi nimeanza kazi nyingine. Kila Jumapili nampigia simu shangazi yangu Lindi, ambaye ana miaka themanini na mbili, nami naandika kwenye daftari: fulani binti fulani wa fulani. Amenipa majina saba mpaka sasa. La mbeba mifupa bado. Anasema analo kichwani, litakuja lenyewe. Nakushauri nawe usingoje. Wapigie wazee simu wakiwa hai, na uandike jina lote mpaka mwisho.